Kuzielewa Sensa za Injini ya Gari: Mwongozo kwa Mwenye Gari wa Dar es Salaam

Mwenye gari wa Dar es Salaam hulisikia neno sensa mara nyingi akiwa amesimama kando ya gari lililofunguliwa boneti, jasho likimtiririka, huku fundi akimweleza kwamba sensa imekufa na kwamba nyingine inapatikana Gerezani. Kwa kawaida hamwulizi ni sensa gani, imepimwaje, wala kwa nini ile iliyobadilishwa mwezi uliopita haikuondoa tatizo. Mwongozo huu umeandikwa ili aweze kuuliza maswali hayo, na ikibidi ajibu baadhi yake mwenyewe kabla ya kutoa hela. Neno lenyewe lisimchanganye na sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022. Vitabuni kifaa hiki huitwa kihisi, lakini ukifika dukani ukaomba kihisi utatazamwa tu, kwa hiyo hapa tutatumia neno la gereji.

Maelezo yanahusu zaidi magari ya petroli yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, kama Passo, IST, Vitz, Premio na Noah, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani. Unachohitaji ni skana ndogo ya kuchomeka chini ya dashibodi, mita ya umeme ya kidijiti, tochi, daftari na asubuhi moja ya Jumamosi isiyo na haraka.

Hatua ya kwanza: jua kompyuta na sensa zinavyozungumza

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu wengi huiita kontroli boksi, inatakiwa kuamua mara nyingi katika kila sekunde ni petroli kiasi gani ipite kwenye nozeli na plagi zichome wakati gani, na katika kazi hiyo yote haioni wala haisikii chochote isipokuwa volti zinazoletwa na waya. Kazi ya sensa ni kugeuza jambo moja, liwe joto, mgandamizo wa hewa, mwendo, mtetemo au kiasi cha oksijeni, kuwa volti ambazo kompyuta inaweza kuzisoma.

Ukitaka kuzipanga kichwani, anza kwa kuhesabu waya. Sensa za joto huwa na waya mbili: ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda, na kompyuta hupitisha humo umeme mdogo unaoanzia volti 5 kisha ikapima zimebaki volti ngapi. Sensa nyingi za mgandamizo na za mkao wa kilango cha hewa huwa na waya tatu, yaani moja ya volti 5, moja ya hasi na moja ya kurudisha jibu. Kundi la tatu ni la sensa zinazotengeneza umeme wake zenyewe, kama ile ya oksijeni, ile ya kusikia mgongo wa injini, yaani injini inapogonga, na baadhi za kuhesabu mizunguko.

Jambo moja hapa huwagharimu watu fedha nyingi. Zile volti 5 mara nyingi hugawanywa kwa sensa kadhaa kutoka chanzo kimoja, hivyo sensa moja ikipiga shoti ndani au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, sensa nyingine tatu nzima zinaweza kuonekana mbovu kwa wakati mmoja. Ukiona skana inataja sensa nyingi kwa mpigo, usinunue hata moja kwanza; tafuta waya au soketi zinayochangia.

Hatua ya pili: soma dashibodi kabla ya skana

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano yenye umbo la injini inapaswa kuwaka, kisha izimike baada ya injini kuunguruma. Kama haiwaki kabisa kwenye swichi, basi balbu imekufa au kuna mtu ameizima makusudi, na kwa anayekagua gari la kununua hilo ni swali la kumwuliza muuzaji papo hapo. Wapo wajanja walioiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja, na ndiyo maana skana haiepukiki hata dashibodi ikiwa safi.

Taa ya njano ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendelea na safari kwa utulivu na kutafuta muda wa kupima. Ikipepesa, maana yake silinda mojawapo inamisi na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza sega la kwenye bomba la moshi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na simama mahali salama mapema iwezekanavyo. Taa nyekundu ya oili haina majadiliano: zima injini. Hiyo hutoka kwenye swichi rahisi inayosikia mgandamizo wa oili, haisomi ujazo wake, kwa hiyo kuwa na oili ya kutosha kwenye kijiti hakumaanishi kwamba taa inasema uongo.

Magari mengi madogo kama Passo hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa bado baridi na nyekundu ikichemsha. Zingatia ile ya buluu inachukua muda gani kuzimika, kwa sababu tutairudia.

Hatua ya tatu: soma misimbo na uiandike kabla ya kuifuta

Skana huchomekwa kwenye soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliulazimisha mfumo huu kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilichelewa kwa magari yake ya ndani, na ndiyo sababu skana ya bei rahisi ya Bluetooth inaweza kukataa kuongea na gari la miaka ya mwanzo ya 2000 ingawa soketi yake inafanana kabisa na nyingine. Hapo tafuta fundi mwenye mashine inayofahamu lugha ya mtengenezaji. Kwenye Toyota nyingi za zamani fundi anaweza pia kuunganisha matundu mawili ya soketi hiyo, namba 4 na 13, kisha akahesabu taa ya injini inavyopepesa. 22 ikiwa ni joto la maji, 31 upimaji wa hewa, 52 sensa ya mgongo. Usijaribu mwenyewe kwa kubahatisha, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa moja kwa moja wa betri.

Msimbo, ambao gereji huuita kodi, huanza na herufi P kwa mambo ya injini na giaboksi, ukifuatiwa na tarakimu nne. Uandike kwenye daftari pamoja na takwimu za wakati hitilafu ilipotokea, ambazo skana nyingi huzihifadhi: mwendo, joto la maji, mizunguko ya injini. Fundi akianza kwa kufuta amepoteza ushahidi wote, na gari linaweza kukaa siku nne bila kuurudisha.

Sasa soma kwa uangalifu msimbo unavyosema. P0118 husema volti kwenye njia ya sensa ya joto la maji ziko juu kupita kiasi. P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaosema sensa imekufa, na hapo ndipo gari langu mwenyewe lilipoliwa. IST yangu ya cc 1,300 ilikuwa ikiwasha taa kwa P0171, na gereji moja ikanibadilishia sensa ya oksijeni mara mbili katika miezi mitatu, kila mara kwa maelezo kwamba ile ya kwanza ilikuwa feki. Safari ya tatu kijana mmoja aliyekuwa akisaidia pale hakugusa skana. Alichukua tochi, akalikunja bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda injini, akaniambia, "Kaka, njoo uone." Upande wa chini, ndani ya mkunjo mmojawapo, kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole uliofumba kabisa injini ikiwa imetulia na kufumbuka kila injini ilipotikisika wakati wa kuingiza gia. Hewa ilikuwa ikiingilia pale bila kupimwa. Sensa zote mbili zilizotupwa zilikuwa zimesema kweli.

Hatua ya nne: kagua kwa macho na mikono

Kwa hiyo kabla ya kupima sensa yoyote, kagua mazingira yake. Hapa kwetu mazingira ndiyo adui mkubwa. Upepo wa bahari una chumvi, na gari linalolala Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach huota ukungu wa kijani kwenye pini za soketi mapema kuliko la Dodoma. Mvua za masika hugeuza Jangwani na mabonde mengine kuwa mito, na gari lililopita kwenye maji yaliyofika kwenye bampa linaweza kuwa na unyevu ndani ya soketi wiki mbili baadaye. Kisha kuna kuosha injini kwa pampu ya maji ya nguvu, jambo ambalo vijana wa kuosha magari hulifanya kwa nia njema kabisa; gari linaloanza kumisi siku moja baada ya kuoshwa lipulizwe soketi zake kwa hewa kavu kabla ya kupelekwa kwa fundi yeyote.

Chomoa soketi ya sensa inayolalamikiwa kwa kubonyeza kibanio chake, usivute waya. Angalia kama pini zimenyooka, kama kuna kutu, kama kuna oili iliyopenyeza. Fuata waya kwa mkono hadi unapoweza, ukitafuta palipofungwa seloteki, palipoyeyuka karibu na bomba la moshi, na palipotafunwa na panya. Kagua waya hasi kutoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, kwa kuwa sensa zote huhesabu volti zao kutoka hapo. Halafu weka mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa tarajia karibu volti 12.6, na ikiunguruma kati ya 13.5 na 14.5. Chaji ikiwa dhaifu, kompyuta inaweza kulalamikia vitu ambavyo havina kosa.

Hatua ya tano: pima sensa moja moja

Nitaanza na sensa ya joto la maji, kwa sababu ndiyo rahisi kupima, ndiyo yenye kuleta hasara ya mafuta kwa siri, na ndiyo inayosingiziwa zaidi jijini. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama injini ni baridi au imepata joto. Injini ikiwa baridi kompyuta huongeza petroli. Ikipata joto hupunguza. Sensa ikidanganya kwamba ni baridi siku nzima, gari hula mafuta, moshi hunuka petroli na plagi huwa nyeusi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu. Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, washa swichi tu na usome kwenye skana joto la maji na joto la hewa inayoingia. Kwa Dar es Salaam namba zote mbili zinapaswa kuwa karibu sawa, mahali fulani kati ya nyuzi 25 na 32 kufuatana na msimu. Moja ikisema 28 na nyingine 55, umeshampata mwenye matatizo. Kisha washa injini na utazame joto la maji likipanda taratibu bila kurukaruka, hadi litulie kati ya 85 na 95 hivi.

Skana ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo nchi yetu haijaizoea hata kileleni Kilimanjaro, usiamini kwamba sensa imeganda. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta huiona njia ya umeme inapokatika. Chomoa soketi ya sensa hiyo ya waya mbili, uunganishe matundu yake mawili kwa kipande kidogo cha waya, kisha utazame skana tena. Namba ikiruka kutoka chini ya sifuri kwenda zaidi ya 120, basi waya na kompyuta ni vizima na kosa liko kwenye sensa. Isiporuka, sensa mpya haitakusaidia. Waya umekatika mahali. Jaribio hili ni la sensa za joto zenye waya mbili peke yake. Ukilifanya kwenye sensa ya waya tatu unaweza kuziunganisha volti 5 na hasi moja kwa moja.

Ukishaichomoa, ipime pia kwa mita kwenye alama ya ukinzani. Kwenye nyuzi 20 nyingi husoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi kati ya 200 na 400. Sensa iliyofunguliwa unaweza kuitumbukiza ncha kwenye sufuria ya maji jikoni na kuona namba zikishuka kadiri maji yanavyopata moto. Zikishuka kwa mtiririko bila kukatika, ni nzima, na usikubali kuibadilisha.

Sasa ile taa ya buluu. Kuna desturi iliyokita mizizi kwenye gereji zetu ya kung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitaji kifaa hicho. Thamostati huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ifike joto lake la kazi, na kwenye Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, gari linalokwenda kasi kwenye Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili asubuhi linaweza lisifike nyuzi 75 kabisa, taa ya buluu hukaa muda mrefu, kompyuta huendelea kumimina petroli ya ziada, na mwishowe huandika P0128, yaani injini haipati joto inavyotakiwa. Hapo mwenye gari huuziwa sensa ya joto. Sensa ilikuwa ikisoma sawasawa. Kilichokosekana ni thamostati. Rudisha thamostati, jaza kulanti halisi badala ya maji ya kisima yenye chumvi yanayokula sensa na mabomba, na uone ulaji wa mafuta unavyobadilika.

Inayofuata kwa umuhimu ni ile ya kupima hewa inayoingia, ijulikanayo kama MAF. Imekaa kwenye mfuniko wa chujio la hewa au kwenye bomba mara baada yake, imefungwa kwa skrubu mbili, na kwenye Toyota mara nyingi huwa na waya tano kwa kuwa sensa ya joto la hewa imo humohumo. Ndani yake kuna uzi mwembamba unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio kipimo cha hewa. Vumbi la njia za mitaani ambazo hazina lami, likipenya kwenye chujio lililochakaa au lisilokaa vizuri, huuvika uzi huo koti, na sensa huanza kupima pungufu. Gari hukosa nguvu, sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda na kushuka, na skana huonyesha kwamba kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia kubwa ili kufidia.

Kabla ya kununua, isafishe. Dawa yake ni ya kopo iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya MAF, siyo petroli, siyo dawa ya kabureta, na kamwe siyo kitambaa wala ncha ya kidole, kwa sababu uzi ule hukatika kwa mguso mdogo tu. Ipulizie mara kadhaa, iache ikauke yenyewe, uirudishe. Kwenye injini ndogo yenye joto, ikiwa sailensi, tarajia kusoma gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde, na namba ipande vizuri unapokanyaga mafuta. Magari mengine hayana MAF bali MAP, inayopima mgandamizo ndani ya manifoldi. Hiyo ina kipimo kizuri cha bure: swichi ikiwa imewashwa bila injini, pale Posta inapaswa kusoma karibu kilopaskali 100 kwa kuwa tuko usawa wa bahari, na sensa hiyohiyo ikifika Mbeya itasoma karibu 83. Injini ikiwaka sailensi hushuka hadi kati ya 30 na 40. Ikibaki juu sana ilhali haina kosa, kuna hewa inavuja mahali.

Sensa ya oksijeni ni mzee wa familia hii. Bosch iliianzisha mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo. Iko kwenye bomba la moshi, na ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi hutoa karibu volti 0.1 moshi ukiwa na oksijeni nyingi na karibu 0.9 ukiwa na kidogo, huku kompyuta ikiyumbisha petroli kuzunguka uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Ile ya juu, kabla ya sega, inapaswa kupanda na kushuka bila kuchoka. Ikikwama upande mmoja au ikibadilika kwa uvivu, chunguza. Magari mengi ya miaka ya karibuni hutumia aina nyingine juu, inayosomeka kwa namna tofauti, hivyo usiihukumu kwa volti hizo. Ile ya chini, baada ya sega, inapaswa kutulia. Ikianza kuyumba kama ya juu, kompyuta huandika P0420, na maana yake ni kwamba sega limechoka au halipo. Kama uliliuza au kuna aliyeling'oa ili gari lipumue, usiilaumu sensa ya chini; inaeleza inachokiona. Msimbo wa P0135 nao huhusu kipashio kilichomo ndani ya sensa ya juu: pima fyuzi yake kwanza, kisha ukinzani wa kipashio, ambao huwa wa omu chache tu.

Sensa ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ndiyo pekee ambayo ikifa gari nyingi hazitembei kabisa, kwa kuwa bila yake kompyuta haijui pistoni ziko wapi. Dalili yake ya kukera ni gari kuzima ghafla likiwa la moto kwenye foleni ya Ubungo, kukataa kuwaka kwa nusu saa, kisha kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Wakati limekataa, piga starta huku ukitazama mizunguko kwenye skana. Injini ikizungushwa na starta inapaswa kuonyesha 150 hadi 300 kwa dakika; ikionyesha sifuri ilhali starta inapiga vizuri, elekea kwenye sensa hiyo na waya wake kabla ya kushusha pampu ya mafuta. Ya kemu, yaani shafti inayofungua valvu, hushirikiana nayo, na ikifa magari mengi bado huwaka, ila kwa kuchelewa.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Ya mkao wa kilango cha hewa huanza karibu volti 0.5 na kufika karibu 4.5 kilango kikiwa wazi. Namba ipande bila kuruka, na kwenye magari yasiyo na kebo ya akseleta hitilafu yake hulifanya gari litambae kwa makusudi ya usalama. Ya mgongo husikia mtetemo wa petroli inayolipuka kabla ya wakati na kuifanya kompyuta icheleweshe plagi. Ikilalamika baada ya kujaza mafuta kwenye kituo usichokizoea, fikiria kwanza kama mafuta yamechakachuliwa.

Hatua ya sita: nunua kwa namba, usinunue kwa sura

Ikithibitika kwamba sensa ni mbovu, nenda nayo mkononi dukani. Sensa mbili za umbo moja na soketi moja zinaweza kuwa na vipimo tofauti, na kinachozitofautisha ni namba iliyochapwa ubavuni. Kwa Toyota, tarakimu za mwanzo hukuonyesha familia: 89422 ni joto la maji, 22204 ni MAF, 89465 ni oksijeni, 89615 ni mgongo, na sensa nyingi za krenki na kemu huanza na 90919-05. Tarakimu zinazofuata lazima zifanane na za kwako au muuzaji akuonyeshe kwamba zimebadilishwa rasmi.

Sensa iliyotolewa kwenye injini ya mtumba haina aibu kwa baadhi ya kazi. MAF, MAP au sensa ya krenki iliyotoka kwenye injini ya aina ileile mara nyingi huishi miaka, na binafsi ningeichagua mbele ya mpya isiyo na jina inayouzwa kwa bei ya kutilia shaka. Sensa ya oksijeni ya mtumba sinunui, kwa sababu huzeeka kwa moshi na huwezi kuuona uzee wake kwa macho. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba unaweza kuirudisha, na andika siku hiyo kwenye risiti.

Hatua ya saba: funga, futa, kisha thibitisha

Sensa ya joto la maji ibadilishwe injini ikiwa imepoa, na baada ya hapo toa hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa maji. Ya oksijeni hufunguka kwa urahisi zaidi bomba likiwa na uvuguvugu; mafuta maalumu ya nyuzi za skrubu yasiguse ncha yake. Ya mgongo ikazwe kwa kipimo cha kitabu, karibu nyutoni-mita 20 kwa nyingi, kwani ikikazwa kupita kiasi husikia isivyotakiwa.

Futa msimbo kwa skana badala ya kuchomoa betri, kwa sababu kuchomoa betri hupoteza pia mambo ambayo kompyuta imejifunza kuhusu sailensi, na gari linaweza kusumbua kwa siku kadhaa. Kisha liendeshe: kipande cha foleni, kipande cha mwendo wa wastani, mlima mmoja kama ule wa Kimara, na lipoe kabisa kabla ya kuliwasha tena kesho yake. Tazama marekebisho ya mafuta kwenye skana, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, umelipata tatizo lenyewe. Yakibaki kwenye 20, rudi hatua ya nne ukiwa na tochi, hata kama taa haijawaka bado.

Sensa ya zamani usiiache gereji. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi yenye tarehe, kilomita na msimbo uliosababisha itolewe, uiweke kwenye buti chini ya tairi la spea, kwa sababu msimbo uleule ukirudi baada ya wiki tatu, jambo la kwanza utakalotaka kujua ni kama ile ya zamani ilikuwa na kosa lolote.